Kilo za maji na kilo za korosho

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni karani wa mizani katika ghala la chama cha msingi huku Newala, nina miaka 47. Msimu uliopita, tulipomaliza kupima magunia, vibarua walinitania nipande na mimi. Nikapanda: kilo 96, na urefu wangu ni sentimita 170. Tumbo limetangulia mbele lakini mikono na mapaja yamelegea. Zamani nilisaidia kupakia magunia kwenye lori, siku hizi nikiinama kufunga kamba za viatu nahema. Binti yangu anaolewa baada ya miezi mitatu na ninataka nifike kilo 80. Shemeji yangu kaniambia niache ugali kabisa, kila alfajiri ninywe maji ya moto na ndimu. Nimefanya siku 9, nimeshuka kilo 4, ila kichwa kinazunguka na nimekuwa mkali hata kwa mama watoto. Niendelee? Na je, kwa umri huu msuli bado unajengeka?
Karani, Newala

JIBU: Marahaba, Karani. Usiendelee. Tena kabla hujamaliza kusoma hapa, panga siku ya kwenda kituo cha afya ukapime presha na sukari, kwa sababu kizunguzungu cha mtu wa miaka 47 mimi sikichezei. Kama unatumia dawa za presha au sukari, usipunguze chakula hata kijiko kabla daktari hajakuambia.

Sasa hizo kilo 4. Nashangaa mizani imekuhadaa wewe, mtu wa mizani! Kila msimu unamwona mkulima anayeleta korosho hazijakauka. Gunia linavuta vizuri, lakini zirudishe kwenye mkeka juani siku mbili tatu, kilo zimepungua na hakuna punje iliyoibwa. Ndicho kilichokupata. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu kama tatu za maji. Ukikata ugali ghafla akiba inaisha, maji yanatoka kwa mkojo, nawe unashangilia. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700. Tuseme mwili wako unatumia kalori 2,500 kwa siku: hata usingeonja kitu siku zote 9, usingefikisha kilo 3 za mafuta. Ndimu haimo kwenye hesabu hiyo. Kamulie samaki.

Nakuambia haya nikiwa nimeungua mwenyewe. Nilipokuwa na miaka 51, hapa Mikindani, nilishindia uji mwepesi na matango wiki sita. Nilipungua kilo 9, na mke wangu akasema miguu imekuwa ya korongo lakini kitambi kipo. Alikuwa sahihi. Anayepungua kwa pupa bila kufanyisha misuli kazi hula na misuli yake. Na sisi hatuna ya kuchezea: kuanzia miaka 30 hivi, asiyeitumia hupoteza asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi. Nilipoacha uji, kilo zilirudi zote, na mbili za nyongeza.

Msuli unajengeka, ndiyo, hata kwa mzee wa miaka 70, ila polepole. Jimu si lazima. Huko uwandani kwenu maji ni ya shida, kwa hiyo madumu hayakosi uani. Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna chuma kinachopimika kirahisi hivyo. Chukua dumu la lita 10, ulitie lita 5 tu. Likumbatie kifuani, keti kwenye benchi, inuka, mara 8. Pumzika dakika mbili, rudia. Kisha shika benchi kwa mkono mmoja, inama mgongo ukiwa umenyooka, vuta dumu hadi ubavuni, mara 8 kila mkono. Malizia na pushapu za kusukuma ukuta, maana za chini kwa tumbo hilo zitakuvunja moyo. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Ukifika mara 12 bila kutetemeka, ongeza lita moja. Usiongeze kwa sababu kijana wa jirani anakutazama. Msuli huzoea mapema, kano za magoti na mabega ya umri wetu huchelewa, na hapo ndipo wengi huumia.

Siku nyingine tembea dakika 30, jioni, hadi ukingo wa bonde la Shimo la Mungu ukipenda, kwa mwendo wa kukuwezesha kuongea lakini si kuimba.

Chakula ndipo penye kazi kwako. Ugali wa muhogo usiuache, upunguze uwe theluthi ya sahani. Unga wa muhogo hauna hata gramu 3 za protini kwa kila gramu 100, na msuli hauwezi kujengwa kwa huo. Lenga gramu 100 za protini kwa siku: yai lina 6, kikombe cha mbaazi zilizopikwa kama 11, kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja zaidi ya 20, na konzi nzuri ya dagaa wakavu haiachwi nyuma. Zigawe asubuhi, mchana na usiku, si zote chakula cha usiku kama tulivyozoea wanaume.

Halafu kuna jambo hukuliandika, na mimi nalijua kwa sababu nimekaa kwenye maghala: bakuli la korosho za kukaanga mezani kwa karani. Ni chakula kizuri, ila gramu 100 zina kalori kama 550, na wewe huzihesabu kwa sababu hazikai kwenye sahani. Konzi moja ndogo, basi. Uraka, ile pombe ya mabibo, sitauzungumzia.

Kwa mwendo huu tegemea nusu kilo kwa wiki, labda kilo 6 hadi siku ya harusi. Kuna wiki mizani itagoma kabisa huku msuli ukiingia na mafuta yakitoka, kwa hiyo jipime kwa utepe kitovuni kila baada ya wiki mbili. Shabaha ya mwanamume ni chini ya sentimita 94. Watu watakuuliza unaumwa nini, na wengine watanong'ona. Waambie Mwalimu wa Mikindani kakuharibia.

Na suti ya harusi, mpe fundi aishone kwa mwili ulio nao leo, aache mshono wa kuibania baadaye.