Vifaranga wa trauti wanakufa: hao ulio nao chanjo si yao

Ndugu, umesema vifaranga wako wa trauti, hao samaki wa maji baridi, huko juu Nyeri wanakufa kumi kumi kwa siku, wana gramu moja hivi, mikia imelika, na ukifunua mashavu unakuta matamvua yamepauka. Umesikia Ulaya kuna chanjo ya kuwachovya, unauliza utaipataje. Nimefanya kazi miaka minne kwenye shamba la trauti Hampshire, kusini mwa Uingereza, na kila msimu nilikuwa kwenye beseni la chanjo. Jibu langu hutalipenda: hao ulio nao, chanjo hiyo si yao.

Chanjo ya kuchovya uliyoisikia bila shaka ni ya ugonjwa wa mdomo mwekundu, unaoletwa na bakteria anayeitwa Yersinia ruckeri. Ugonjwa huo ulianza kujulikana bonde la Hagerman, Idaho, Marekani, miaka ya 1950, na chanjo yake ilipata leseni huko huko mwaka 1976. Inafanya kazi vizuri sana, ila kwa bakteria huyo tu. Kifaranga wa gramu moja, maji baridi, mkia umelika, matamvua meupe: mimi namshuku bakteria mwingine, Flavobacterium psychrophilum. Huyo huwavamia wakiwa wadogo mno, kabla miili yao haijaweza kushika chanjo yoyote vizuri. Lakini kushuku si kupima. Chukua watano sita wanaoyumba, ambao bado wanahema (waliokufa jana wameshaoza, hawatakuambia kitu), wafunge kwenye plastiki juu ya barafu, wafike maabara ya mifugo siku hiyo hiyo.

Sasa, kwa kundi lako lijalo, nikueleze kazi yenyewe ilivyo.

Chupa ya lita 1 inatoka kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na isigande hata siku moja. Inamiminwa kwenye beseni lenye lita 9 za maji ya tangi lile lile wanamotoka samaki, ili joto lisiwashtue. Ndani kuna jiwe la hewa, linalotoa mapovu ili samaki wapumue. Samaki wamelala njaa tangu jana yake. Mmoja anateka kwa wavu kilo 4 au 5, anauinua na kusubiri uchuruzike mpaka matone yakatike, maana kila tone linaloingia linazimua chanjo. Halafu anautumbukiza. Sekunde 30. Beseni linachemka kwa mikia, na mwenye saa, vidole vimekufa ganzi, anaona sekunde haziendi. Wavu unainuliwa, unachuruzika tena humo humo kwa sababu hayo majimaji ya kahawia ni pesa, na samaki wanaingia tangi safi. Lita hiyo moja hutosha kilo 100. Kwa samaki wa gramu 5, hao ni 20,000. Ukiwachanja wakiwa wadogo zaidi chupa itahudumia wengi, ndiyo, lakini kinga haitadumu. Sisi tulisubiri gramu 5.

Na mgonjwa hachovywi. Kumteka tu kwa wavu kunatosha kummaliza.

Kosa letu kubwa halikuwa kwenye beseni, lilikuwa kwenye kalenda. Kinga haiji siku hiyo. Daktari wa mifugo alitufundisha kuchukua nyuzi za joto la maji mara idadi ya siku tangu chanjo, na kungoja hesabu ifike mia tatu na kitu. Maji ya chemchemi za Hampshire hukaa nyuzi 10 au 11 mwaka mzima, kwa hiyo ni kama mwezi. Mwaka wangu wa pili matangi yalijaa, meneja akaamuru wahamishwe mabwawa ya nje siku ya tisa. Kuteka, kupima, kupakia, kumwaga: msukosuko mtupu, na ugonjwa huu hupenda samaki aliyesukwasukwa. Wiki mbili baadaye nikakuta asubuhi samaki weusi wamejibana kwenye wavu wa kutokea maji, hata kivuli changu hawakikimbii. Nikaokota mmoja. Jicho limetoka nje, damu imevilia chini ya taya na kwenye mashina ya mapezi. Tulipompasua, bandama limevimba na utumbo umejaa majimaji ya njano. Meneja akasema chanjo ni mbovu! Tukaishia kulisha chakula chenye antibayotiki, kwa cheti cha daktari, na kuhesabu upya siku za kungoja kabla ya kuuza.

Ubovu wa kweli upo pia, nisikufiche. Huko huko kusini mwa Uingereza trauti waliochanjwa waliwahi kuugua kwa sababu bakteria alibadilika: aina ya pili, isiyo na mkia wa kuogelea, ilipita kwenye chanjo ya zamani. Chanjo zilizokuja baadaye zikatiwa aina zote mbili. Ndiyo maana ninakung'ang'aniza maabara kwanza.

Usimtume mtu akuletee chupa kwenye begi. Ni dawa ya mifugo, ina kibali chake, na ikipata joto njiani utakuwa unachovya samaki kwenye maji machafu ya bei ghali.

Kwa sasa okoa unaoweza. Toa maiti asubuhi na jioni, usiache hata mmoja alale humo. Wapunguze kwenye tangi, hata kama itabidi kuazima tangi la jirani. Wavu wa tangi hilo usiguse lingine. Na mayai yajayo yaogeshe kwa dawa ya iodini ya mayai ya samaki, miligramu 100 kwa lita kwa dakika 10, kabla hayajaingia kwenye trei. Hiyo ya mayai ni rahisi kuliko chanjo yoyote, na nimeona watu wakiiruka kwa uvivu tu.

Majibu ya maabara yakitoka yaweke hapa, pamoja na joto la maji la alfajiri na la saa nane mchana.