Breki ya kinga ya makala, na maswali mengine ya watengeneza gemu

SWALI: Yaya, jambo. Tuko vijana 4 hapa Katuba, Lubumbashi, tumetengeneza gemu ya telefone ya kinga ya makala (baiskeli ya kubeba makaa), yaani mchezaji anapakia magunia kule porini, anashika barabara ya Kasumbalesa mpaka Lubumbashi, anakwepa mashimo na makamyo ya madini. Watu waliipenda haraka, tukawafungulia kundi la WhatsApp, na sasa hilo kundi njo linatuua. Huyu anasema breki iko ndogo, mwenzake anasema breki iko kali inamuangusha, mwengine anataka tuweke pikipiki, mwengine anataka dereva avae jezi ya Mazembe, klabu ya mpira ya hapa kwetu, na kuko mmoja anaandika saa nane ya usiku eti tuko wavivu. Breki tumeibadilisha mara 3 kwa mwezi mmoja na nyota zetu pale Google Play zinashuka tu. Mwenzetu anayeandika programu amechoka, anataka kutoka mu kundi, mi naogopa watasema tumejivuna. Nakutumia picha za skrini za wiki moja ujionee. Tuwasikilize wote ao tusisikilize mtu? – Mdogo wako wa Katuba

JIBU: Mdogo wangu, mbele ya kujibu nilifanya kitu ambacho naona nyinyi 4 hamjakifanya siku nyingi, nilishusha gemu yenu nikaicheza. Kisha nikamuita mtoto wa jirani hapa lupangu, telefone yake ni ile ya bei ndogo, RAM 2 GB, kioo kimepasuka kona moja, nikamwambia cheza, nikakaa nyuma yake nikanyamaza.

Kwa telefone yangu breki iko sawa, hata kali kidogo, nagusa tu kinga inasimama na gunia la juu linaruka. Kwa telefone ya mtoto picha zinakuja kwa kukwamakwama, anagusa breki, kitambo kinapita, kinga inakuja kusikia wakati iko tayari chini ya kamyo. Alikufa mara 6 kwenye kona ileile na kila mara alilia "breki hakuna!" Sasa umeona? Wale wawili mliodhani wanapingana wote walisema kweli. Breki ni moja, telefone ndizo mbili. Nyinyi mkisikia neno breki mnakimbia kugusa breki, mnaongeza, wenye telefone nzuri wanaanguka, mnapunguza, wenye telefone ndogo wanaingia mu kamyo, na mngeendelea hivyo mpaka mvua inarudi. Dawa haiko kwenye breki kabisa, iko kwenye kupunguza mzigo wa picha kwa telefone ndogo, yale majani ya kando ya barabara yanayotikisika mmoja mmoja, mi nilihesabu nikachoka, nani anayaangalia wakati kamyo inamjia usoni?

Waulizeni wazee wanaotengeneza kinga pale kwenu. Mtu anafika anasema kaza mnyororo. Fundi wa kweli hakazi, anapanda kinga mwenyewe, anazunguka nayo kidogo, anarudi anasema ni ekseli imepinda. Mwenye kinga hakudanganya, kweli kuko kitu kilikuwa kinaruka chini ya mguu wake, ila jina la ugonjwa alikosea. Wachezaji wenu njo vile. Akisema "hapa nakasirika, hapa nachoka, hapa sielewi", mwamini bila kubisha maana hasira ni yake. Akisema "ongezeni breki", muulize vitu vitatu: ulikuwa sehemu gani ya barabara, ulitaka kufanya nini, unacheza na telefone gani. Kwa picha za skrini mlizonitumia sijaona hata mmoja wenu akiuliza telefone gani! Mnajibu "sawa ndugu tutarekebisha" kwa kila mtu, hiyo ni adabu nzuri lakini haiwasaidii kazi.

Tena mnahesabu ujumbe, hamhesabu watu. Nilikaa na karatasi: pikipiki imetajwa mara nyingi mpaka mtu anadhani Katuba nzima inaitaka, kumbe ni watu 5 tu na mmoja wao njo kaandika zaidi ya nusu. Nunueni daftari. Andikeni tarehe, telefone, toleo la gemu, mahali kwenye barabara, halafu maneno ya mchezaji vile alivyoyasema mwenyewe. Kama alisema "breki hakuna" msiandike "anaomba breki kali", maana hapo mmeshamtafsiri, na kosa lenu lilianzia kwenye hiyo tafsiri. Jina la mtu mmoja linahesabiwa mara moja hata akiandika usiku kucha.

Daftari lishikwe na mmoja ambaye si huyo anayeandika programu. Huyo mtoeni mu kundi leo, si kesho, awe anasoma daftari mara moja kwa juma. Mtu hawezi kukesha na programu usiku halafu asubuhi anaamka na matusi 30 mbele ya chai. Mnakumbuka Flappy Bird? Kijana mmoja wa Vietnam, Dong Nguyen, aliitengeneza peke yake, mwaka 2014 ikawa kwa kila telefone duniani, pesa inaingia, na mwezi wa 2 mwaka ule yeye mwenyewe akaitoa sokoni, akasema hawezi tena, imemharibia maisha yake ya utulivu. Nyinyi hamna pesa ya Flappy Bird na bado mnataka kumpoteza mtu wenu.

Kuko watu wengine tena ambao hamuwasikii kabisa na hao njo wananisumbua zaidi. Yule aliyefungua gemu, ikajifunga, akaifuta, hataandika kitu mu WhatsApp, ameshaenda zake. Kundi ni la wanaowapenda na wenye hasira, na wenye mega za intaneti za kuchezea. Fungueni Play Console, ukurasa wa Google wa wenye gemu, Google inawaonyesha gemu inajifunga kwa telefone aina gani, na maoni ya watu mara nyingi yanakuja na aina ya telefone na namba ya toleo, kitu ambacho kundi haliwapi. Na muwe macho: gemu ikijifunga kwa zaidi ya asilimia 1.09 ya watumiaji wa siku, ao zaidi ya asilimia 8 kwa aina moja tu ya telefone, Google inaweza kupunguza kuionyesha kwa watu. Hiyo 8 njo yenu, kwa sababu hapa kwetu watu wengi wanashika aina zilezile za bei ndogo.

Na mega! Mmetoa matoleo 3 kwa mwezi juu ya breki. Kila toleo mchezaji analishusha kwa pesa yake. Mtu alinunua mega za juma, mkamlia nusu, anafungua anakuta breki imerudi vile ilivyokuwa mwezi uliopita. Mi pia ningewapa nyota 1. Toleo moja kwa mwezi linatosha, na mkilitoa msiwape wote mara moja, Play Console inawaruhusu kuanza na asilimia 20 ya watu, mkaangalia siku chache, mkiona moto mnasimamisha.

Juu ya kujivuna. Mwaka 2016 kampuni ndogo ya Uingereza, Hello Games, ilitoa No Man's Sky, wachezaji wakakasirika vibaya sana maana vitu vilivyosemwa vingi hawakuvikuta. Wale wakanyamaza kabisa, wakafanya kazi, mwezi wa 11 wakatoa toleo kubwa la bure, wakaendelea miaka na miaka hivyo, mpaka 2024 maoni yote kwa jumla pale Steam, duka la gemu za kompyuta, yakafika kwenye sifa kubwa. Watu wanapenda kusimulia hiyo hadithi kama dawa ya kunyamaza, mimi sikubali, wale walikuwa wameshauza na pesa iko benki. Nyinyi mtu anawakuta uso kwa uso sokoni Katuba. Kwa hiyo kundi lifungeni, waandike viongozi tu, na kila Ijumaa muweke ujumbe mmoja mfupi: juma hili tumesikia hiki, tunafanya hiki, hiki hatutakifanya. Lile la tatu msiliruke. Mtu ukimwambia hapana anakasirika siku moja, ukimwambia "tutaona" anakasirika mwaka mzima.

Pikipiki: hapana. Utamu wa gemu yenu ni kushuka, kusukuma kinga kwenye mlima, jasho, mkiweka moteri imekwisha. Jezi: jina na alama ya klabu vina wenyewe, muombe ruhusa kwanza, ao mbuni timu yenu ya nyeusi na nyeupe, hapa Lubumbashi nani hataelewa. Na yule wa saa nane ya usiku, mpigieni simu. Sisemi kwa mzaha. Mtu anayecheza mpaka saa nane anaijua ile barabara kuwapita nyinyi, muiteni acheze mbele yenu. Akitukana wazazi, mtoeni, hapo hakuna cha daftari.

SWALI: Yaya, patroni wetu anataka kila mchezaji akitupa nyota 5 tumpe sarafu 50 ndani ya gemu. Moyo wangu haukubali ila sina la kumwambia. – Dada wa Kamalondo

JIBU: Mwambie Google Play inakataza kununua nyota kwa zawadi yoyote, na gemu inaweza kutolewa. Hiyo peke yake patroni ataielewa. Pesa ya sarafu hizo itumieni kujibu watu. Ukimjibu mtu chini ya maoni yake, Google inamjulisha, na anaweza kurudi kubadilisha nyota zake. Una herufi 350 tu, kwa hiyo salamu ndefu acha, sema ni nini kimerekebishwa na kiko kwenye toleo namba ngapi. Msimjibu mtu kabla hamjarekebisha, mnapoteza nafasi. Na asihuzunike sana na nyota za zamani, tangu 2019 Google inazipa za karibuni uzito zaidi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, nimefungua akaunti yangu ya kwanza ya kutoa gemu pale Google Play, Google inanidai watu 12 wajaribu gemu siku 14 mbele ya kuitoa. Niwaweke wajomba na mashangazi tu, si ndiyo? – Kijana wa Ruashi

JIBU: Unaweza, sheria haikatazi, akaunti za mtu binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 mwezi wa 11 mwaka 2023 zote zinapita pale, na shukuru maana mwanzoni walidai watu 20. Ila siku 14 ni zawadi na unataka kuitupa. Mjomba atakwambia "iko muzuri mwana" hata hajaifungua. Weka ndugu 6 kama utakosa watu, wengine 6 watafute kati ya wasiokuonea haya, watoto wa mtaa ni wazuri sana kwa hilo. Usiwaulize kama wameipenda. Uliza walikwama wapi, na yule aliye karibu kaa nyuma yake, mikono mgongoni, mdomo umefungwa, hata akibonyeza mahali pabaya mara 10 usimuonyeshe, maana siku ya sokoni hutakuwa nyuma ya kila mtu. Shangazi akiigeuza telefone kichwa chini akitafuta pa kuanzia, andika hiyo kwanza. Na mchajie telefone yake kwanza, umeme wa Ruashi mnaujua wenyewe.