Manjano ya mtoto mchanga

SWALI: Dada muuguzi, shikamoo. Mwanangu wa kwanza ana siku 4. Macho yalianza kuwa manjano juzi, sasa rangi imefika tumboni, na akinyonya husinzia upesi. Mavyaa anasema nimuote jua uani kila asubuhi. Nifanyeje?
Mama mpya, Shela, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera. Mpeleke hospitali leo hii. Panda mashua mwende Amu mjini. Manjano yenyewe huwapata watoto wengi: damu ikivunjika hutoa bilirubini, yaani rangi ya manjano, na ini changa huchelewa kuiondoa. Kwa kawaida huanza siku ya 2 au ya 3, kisha hupungua. Kinachonitia hofu ni huko kusinzia. Bilirubini ikizidi huingia ubongoni, na uziwi unaoletwa nayo hauponi.

Watampima damu. Ikibidi, atalazwa chini ya taa ya bluu na nepi tu, macho yamefunikwa. Kina mama wengi niliowauguza walilia walipokiona kile kitambaa cha macho. Usilie, kinamkinga na mwanga. Taa huigeuza bilirubini ili itoke kwa mkojo na choo, kwa hiyo mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, na akisinzia mkune nyayo aamke.

Mavyaa mweleze kwa adabu: jua la uani si tiba, tena ngozi ya mtoto huungua. Na manjano yakionekana siku ya kwanza ya kuzaliwa, au yakifika viganjani, hata usiku nendeni.