Kastama akisema "ghali", usikimbilie kushusha bei

Juzi dada mmoja wa Mtwapa kanitumia meseji, anauza madera kwa stetasi ya WhatsApp, analalamika watu wanamuuliza bei, akishajibu tu basi, tiki mbili za buluu na kimya. Anataka kujua ashushe bei ama vipi. Nikamwambia shoga usishushe kitu, ngoja niandike kirefu na wengine wasome, maana najua hili linatusumbua sote tunaotafuta riziki ya halali na tunaotaka duka la pili na la tatu.

Mimi nauza leso, yaani kanga, hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Nilipofungua kuna mtu wa mtaa ule ule alikuwa akiwaambia watu huyu mwanamke Ramadhani haimkuti. Ramadhani zimekuja zimeenda, mimi nipo, yeye keshafunga (sijasahau, nasema tu). Kilichonibakisha ni kuwa watu nawaangalia kabla sijafungua mdomo.

Kuna mama aliingia, akashika leso, akaisugua kwa vidole, akageuza pembeni kutafuta kama imeandikwa K.H.E. Mali ya Abdulla, ile chapa ya leso, maana wanawake wa hapa wengi wakiona hivyo roho inatulia. Akauliza bei, nikamtajia, "aah, ghali", akatoka. Mwengine hapo angemfuata mpaka barabarani, njoo basi mama nikupunguzie. Mimi nilinyamaza. Baadaye huyo karudi na wifi yake, wifi kaikunjua leso kasoma jina kwa sauti, "Mtasema mchana usiku mtalala", kacheka mpaka kashika kaunta, "hii ndio unampelekea mamamkwe? Wataka vita?" Kumbe ni zawadi ya mkwe! Wakachagua nyengine, "Hakuna kama mama", na hiyo ilikuwa zaidi kwa mia mbili, na neno ghali halikusikika tena. Yani alikuwa na wasiwasi tu, na mtu hawezi kumwambia muuzaji asiyemjua kuwa anaogopa maneno ya wakwe zake, kwa hivyo husema ghali na kuondoka kwa heshima. Kwetu hapa mtu hanunui peke yake, ananunua na macho ya watakaomuona.

Mtandaoni ni zaidi, kwa sababu hapo kuna hofu ya kutapeliwa. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliandika mwaka 1979 kuwa kupoteza kitu kunamuuma mtu kuliko anavyofurahi kupata kitu cha thamani ile ile, na Kahneman akapewa Nobel ya uchumi 2002. Mimi naliona dukani bure. Kastama haoni dera atakavyopendeza nalo, anaona pesa yake ikimpotelea mtu asiyemjua. Kwa hivyo kisiwani na Nyali mimi boda anafika kwanza, mtu anafungua mzigo, anakagua, ndio analipa, na jina linalotokea kwenye M-Pesa ni lile lile la duka. Tangu hapo maswali ya "nipunguzie" yamepungua yenyewe.

Na mizigo tusianike yote jamani. Marekani, watafiti Iyengar na Lepper waliweka jamu za kuonja dukani, utafiti ukatoka 2000: kwenye meza ya aina 24 walionunua ni kama asilimia 3 ya waliosimama, kwenye aina 6 ni asilimia 30. Waliofuatia wakaona si kila mahali inakuwa hivyo, na mimi nakubali, bibi anayejua anachotaka mletee hata korja nzima atachambua. Ila huyu ambaye hajui, ukimtumia picha arobaini atakwambia "nitarudi".

Halafu nyinyi mnaotangaza ofa kila wiki, mnawafundisha watu kusubiri. Akishazoea bei ya ofa, ile ya kawaida kwake inakuwa wizi, na hapo mtalia kuwa wateja wa Mombasa wabahili. Si wabahili! Angalieni wanavyonunua wiki ya mwisho kabla ya Idi.

Sasa dada wa Mtwapa, mtu akiuliza bei mjibu bei, usimfiche, kisha umuulize ni la kuvaa wapi, nyumbani au shughulini, ndio umtumie mawili matatu yanayofaa, likiwa limevaliwa na mtu si kwenye henga. Na picha piga mchana mlangoni, hiyo taa yako ya ndani inafanya kijani kionekane buluu.