Sherehe ya mtoto uani: kazi za mikono ambazo watoto wataziona za maana

Dada, umeuliza watoto 15 wa miaka mitano hadi saba wafanye kazi gani ya mikono kwenye sherehe ya mwanao hapo Makorora, uani, bila gharama kubwa. Mimi nafundisha chekechea hapa Tanga, na sherehe za wanangu zote nimezifanyia uani, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyaona.

La kwanza, chagua kitu ambacho mtoto akishakimaliza anakitumia palepale. Pambo la kubandika ukutani halimshughulishi, ataliacha mkekani akimbilie mpira. Lakini kitu kinacholia, kinachozunguka au cha kubebea visheti vyake, hicho hakiachi, na atakwenda nacho kwao.

Ninachokipenda kuliko vyote ni mfuko wa kaki uliopigwa chapa kwa bamia. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, mifuko ya kaki inapatikana karibu kila duka la jumla. Bamia nunua kubwa, zilizokomaa, zile ambazo hazipikiki tena. Muuza mboga atakupunguzia bei. Changa zina ute mwingi na zinabonyea mtoto akikandamiza. Kata kwa kuvuka, uache upande wa kikonyo uwe mshikio. Utaona umbo la pembe tano lenye vitundu ndani, kama ua. Futa ute kwa kitambaa, kisha mtoto aichovye kwenye kipande cha sponji ya godoro kilicholowanishwa rangi ya maji. Usimpe rangi kwenye kikopo, atazamisha bamia nzima na mfuko utalowa mpaka uchanike.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Waambie watoto wanatengeneza kanga. Tandika kanga yako halisi mbele yao, uwaonyeshe pindo linalozunguka pembeni, mji katikati, na jina upande wa chini wa mji. Kisha kila mmoja apige bamia pembeni kuzunguka mfuko, hilo ndilo pindo. Katikati achore anachotaka, samaki, mnazi, au bibi yake. Chini, mahali pa jina, anaandika jina lake, na asiyejua kuandika unamwandikia kwa penseli yeye anapitisha rangi juu. Watoto wa hapa wanaijua kanga tangu mgongoni kwa mama, kwa hiyo hawahitaji maelezo marefu. Nimeona mtoto mtundu ambaye darasani hakai dakika mbili akipanga pindo lake kwa utulivu mpaka pembe zikakutana. Ukitaka umbo la pili, kata bua la jani la mgomba, linatoa mwezi mchanga. Mwisho wa sherehe mfuko ndio unatiwa keki na ubuyu wa kwenda nao nyumbani, na kwa kuwa una jina, hakuna kugombania.

Cha pili ni kititia cha karatasi ya manila. Wewe kata miraba ya sentimita 15 mapema, na kila kona uichane kuelekea kati ukibakiza kama sentimita 2. Mtoto apake rangi pande zote mbili, halafu akunje ncha moja ya kila kona mpaka katikati. Pini piga wewe mwenyewe, kwenye kijiti cha mshikaki kilichovunjwa ncha, na utie ushanga mmoja kati ya karatasi na kijiti, la sivyo hakizunguki. Anza sherehe saa kumi alasiri, upepo wa baharini ukiwa bado unavuma, na uani patachangamka bila muziki.

Manyanga ni rahisi zaidi: chupa ndogo za maji, choroko kidogo, vizibo vipakwe gundi ya kushika kwelikweli. Kama kuna wadogo wa chini ya miaka mitatu, kagua kila kizibo kwa mkono wako, maana punje moja inaweza kumkaba mtoto.

Wakija kaka na dada wakubwa, wape sahani za karatasi watengeneze sura za simba, manyoya yawe nyuzi za mkonge zilizochanwa vizuri. Zisizochanwa zinachoma ngozi. Wanapobandika uwasimulie kwamba mkonge huu wa Tanga ulianza na miche iliyotolewa Florida mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 1,000, na iliyofika hai ni 62 tu. Wangu walipolisikia hilo waliuliza maswali mpaka gundi ikawakaukia.

Gundi ya kubandikia sura za simba usinunue. Kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vinne vya maji, koroga mpaka mabonge yaishe, pika kwa moto mdogo hadi iwe uji mzito, ipoe. Pika siku hiyohiyo, kwa joto letu inachacha upesi.

Kazi hizi zifanyike mwanzo, wageni wanapoingia mmoja mmoja, maana baada ya keki hakuna atakayeketi. Tafuta watu wazima wawili wa kukusaidia, mmoja akae kwenye rangi asiondoke. Na vifaa andaa vya watoto 20 au zaidi, kwa sababu wa jirani watachungulia mlangoni na hutawafukuza. Bamia kilo moja zitawatosha wote.