JIBU: Tunapeleka lori la msaada Nyarugusu mwezi ujao, naombeni ushauri

Simamisha hilo lori.

Salamu baadaye. Nimeusoma uzi wako saa nne usiku nikiwa kitandani, nikafika pale ulipoandika "suala la kibali kuna jamaa yetu Kigoma amesema tumwachie yeye", nikaamka nikawasha taa. Mke wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia kuna watu wanataka kununua maharage yetu tena. Akacheka, akageukia ukutani akalala. Mimi usingizi ndio umeishia hapo.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta mada na wenzake wako kumi na wanne, wamechangishana milioni tisa na ushee, wamepata lori la tani tano la kupeleka msaada kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Anauliza wapeleke unga au nguo, kikundi kisajiliwe wapi, akaunti wafungue benki gani, na wafadhili wa nje wanapatikanaje. Mdau wa pili hapo juu kamjibu kwa mstari mmoja: "Peleka chakula, chakula hakikosewi." Mkuu, mimi chakula nilikikosea, na nilikikosea kwa tani.

Mimi ni muuza vipuri vya baiskeli na pikipiki hapa Mwanza. Mwaka 2015 nilikuwa Kigoma mjini wakati Warundi wanakimbia, nikaiona meli ya Liemba ikileta watu kutoka Kagunga, kijiji cha mpakani, safari baada ya safari, wamejaa mpaka kwenye reli za meli, na kipindupindu kimeshaanza. Uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika uligeuka mapokezi. Picha ile haikunitoka. Mwaka 2017 tukasikia mgao wa chakula kambini umepunguzwa, maana wafadhili wa WFP, lile Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, hawakutoa fedha za kutosha. Tukakaa watu tisa, wengi wetu tumesoma shule moja, tukasema sasa tunafanya jambo. Harusi mbili na msiba mmoja tuliwahi kuzichangia vizuri, tukadhani kambi ni harusi kubwa tu. Zikapatikana milioni kumi na mbili na laki sita.

Hapo ndipo akaingia huyo mtu wenu. Najua si yuleyule, ila ni yuleyule. Wetu alikuwa na viatu vilivyochongoka mbele na mkoba wa ngozi ambao sikuwahi kuuona ukifunguliwa. Kila tulichouliza alijibu maneno mawili: "Niachie mimi." Kibali? Niachie mimi. Watu wa kambi wamejulishwa? Niachie mimi. Wanahitaji nini kule? "Wale ni wakimbizi, watapokea chochote, niachie mimi." Tukamwachia. Tukamwachia na milioni moja na laki mbili za "ufuatiliaji". Mpaka leo tukikutana wenzangu tunamwita Niachie Mimi, jina lake halisi tumelisamehe.

Alituletea karatasi yenye mhuri wa bluu. Tuliipiga picha, tukaituma kwenye kundi, watu wakaandika Alhamdulillah na Haleluya. Mhuri ule, ndugu yangu, uliandikwa IMEPOKELEWA. Ilikuwa nakala ya barua yetu wenyewe ya kuomba kibali. Yaani alichotuuzia kwa milioni moja na ushee ni ushahidi kwamba barua yetu ilifika masjala. Watu tisa, kati yetu mwalimu mmoja na mhasibu mmoja, hakuna aliyesoma mhuri. Cheka tu, nimeshazoea.

Sasa maharage. Tuliamua maharage kwa sababu yana protini na hayamwagiki. Nikaenda mwenyewe kwenye ghala, gunia hamsini za kilo mia, gunia laki moja na sitini. Muuzaji akanipunguzia kidogo kidogo na kunisifia mzigo: "Haya ni ya Kasulu kabisa bosi, si ya mchezo." Nikafurahi! Nikarudi nikawaambia wenzangu tumepata maharage bora, ya Kasulu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Nyarugusu iko wilaya gani. Iko Kasulu. Tulinunua maharage ya Kasulu Mwanza, tukalipa Fuso milioni moja na laki nane lizungukie Geita, Biharamulo na Nyakanazi, kisha lile vumbi la Kakonko na Kibondo, kuyarudisha Kasulu. Ni sawa na kupeleka chumvi Uvinza inakochimbwa, na Uvinza yenyewe iko mkoa huohuo, kwa hiyo tulikuwa tumeonywa hadi na ramani.

Tukafika Makere, karibu na kambi, jioni, tumevaa fulana arobaini za njano (ndiyo, arobaini, sisi tulikuwa sita kwenye msafara, nyingine za kugawa) na bango limefungwa ubavuni mwa lori. Kwenye kizuizi askari akasoma karatasi yetu kwa upole kabisa. Akasema, mzee, hii ni barua yenu. Nikasema ndiyo, na huo ni mhuri. Akasema, huu mhuri unasema barua yenu imepokelewa. Akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi rambirambi.

Sina kinyongo na yule askari. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iko wazi: kambi ni eneo maalumu, huingii bila kibali, na mkimbizi mwenyewe hatoki bila kibali. Kibali cha kuingia kinatoka Wizara ya Mambo ya Ndani kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, kina majina ya watu, kina tarehe mnazoruhusiwa kuingia, kina shughuli mnayokwenda kufanya. Mhuri wa masjala hauna hata kimoja kati ya hivyo. Nilimpigia Niachie Mimi mara kumi na saba. Ya kumi na nane simu ikazimwa.

Siku nne Makere. Fuso kusimama ni laki mbili kwa siku, dereva anadai kila asubuhi kabla hajapiga mswaki. Siku ya pili usiku mvua za kwanza zikaanguka, turubai lilikuwa na tundu ambalo dereva alilijua na sisi hatukulijua. Gunia sita zikalowa upande. Tukazianika uani kwa mama mmoja wa gesti, kuku wake wakala ufadhili wetu bila kibali cha mtu yeyote.

Siku ya nne tukasaidiwa. Shirika moja linalofanya kazi ndani likakubali kuupokea mzigo kwa taratibu zake, na wawili kati yetu tukaruhusiwa kuingia kushuhudia. Hapo nikakutana na hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne angeifanya tukiwa bado Mwanza. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ikaja kuongezewa Warundi, na wakati ule ina watu zaidi ya laki moja. Kilo elfu tano kwa watu laki moja ni gramu hamsini kwa kichwa. Konzi moja, tena ya mtoto. Kwa hiyo ikabidi wachaguliwe: kaya mia tano tu za wazee na wenye ulemavu, kila kaya kilo kumi. Haki kabisa, ila jaribu kusimama pale umevaa fulana ya njano yenye neno UPENDO wakati jirani wa aliyepewa anakuuliza yeye kakukosea nini. Fulana niliivua nikaigeuza ndani nje.

Nikadhani basi, yamekwisha. Kesho yake bibi mmoja Mkongo, mtu wa Fizi, akaomba kuniona. Nikajua nakwenda kupewa shukrani, nikajinyoosha kola. Akaniketisha kwenye kigoda mbele ya mafiga matatu, sufuria iko jikoni. Akasema imeinjikwa tangu asubuhi. Ilikuwa saa kumi. Akachota harage moja kwa mwiko akaliweka kwenye kiganja changu: gumu kama shanga. Akaniambia kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Mutoto yangu, haya maharagi yako yanakula kuni kuliko sisi tunavyoyakula."

Sikumwelewa mpaka aliponieleza kuni zinatoka wapi. Zinatoka nje ya mpaka wa kambi. Wanaozifuata ni wanawake na mabinti, alfajiri, na huko porini wapo waliopigwa, waliobakwa, waliokamatwa. Ndiyo maana mashirika yanahangaika na majiko banifu, yale yanayokula kuni kidogo. Harage likikaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu linakuwa gumu, hata uliloweke usiku kucha halilainiki inavyopaswa, na mimi niliuziwa ya msimu wa nyuma huko. Kwa hiyo kwa kila kilo kumi nilizompa yule bibi, nilimpa mjukuu wake safari nyingine ya porini. Hili ndilo linaloniamsha usiku, wala si zile milioni.

Wengi hawakuyapika. Waliyauza mia sita kilo kwa wachuuzi, wakanunua dagaa na sabuni. Na wachuuzi wale wanauza wapi? Sishangai kama nusu ya gunia zetu zilirudi Mwanza, labda na Fuso lilelile, maana dereva alisema anatafuta mzigo wa kurudi nao.

Sasa nisikilize wewe na hao kumi na watatu wenzako. Sisi tumelelewa kwamba mgeni haendi mikono mitupu. Ukienda kwa shemeji unabeba hata sukari. Kambini igeuze hiyo. NENDA MIKONO MITUPU. Watu wawili, basi la kawaida, kibali chenye majina yenu ambacho mmekiomba wenyewe na kukisoma wenyewe kila neno pamoja na mhuri. Usibebe hata biskuti, maana ukishabeba kitu, kila utakayemuuliza atakuambia hicho ndicho anachohitaji, kwa adabu tu. Kaa chini, uliza maswali ya kijinga: hiki kinapikwa kwa kuni kiasi gani? Kinasagwa wapi na kwa shilingi ngapi? Nani atakibeba kutoka pa kugawia mpaka nyumbani? Kikiharibika anakitengeneza nani?

Mwaka 2018 tulirudi hivyo, mimi na yule mhasibu. Siku tatu za kukaa kwenye vigoda. Hakuna aliyetaja maharage, asante Mungu. Tukaonyeshwa viti mwendo na baiskeli za walemavu zimepangwa nyuma ya nyumba kama mifupa: tairi zimekwisha, tyubu zimeoza, beringi zimejaa mchanga. Wenyewe wamekaa ndani, wengine miezi. Fundi yupo, Mkongo mmoja mwenye mikono ya ajabu, anaunga spoku kwa waya wa nyavu, hana vipuri tu. Nikamuuliza saizi za tairi. Akaanza kuzitaja moja moja, na mimi naziona kichwani kwenye rafu yangu dukani, ya pili kutoka chini, upande wa kulia. Zilikuwepo mwaka 2017 vilevile, siku ninakwenda ghalani kununua maharage nilizipita mlangoni.

Mzigo wa kwanza wa vipuri haukufika milioni mbili, tukaukabidhi kupitia wanaofanya kazi ndani, na orodha aliiandika fundi mwenyewe. Hatukuwa na bango. Tumeendelea hivyo, mwaka tukipata tunapeleka, mwaka tusipopata tunakaa.

Mdau uliyesema chakula: nani kakuambia unga haupo kwenye mgao? Mgao ni unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta, chumvi. Ukipungua unapungua kwa maelfu ya tani, na lori lako la tani tano halizibi hata ufa. Kikundi kidogo kina faida moja tu, kinaweza kuona kitu kidogo ambacho mashirika makubwa hayana muda nacho. Ukishindana nao kwa magunia umeshindwa ukiwa bado Nyakanazi. Na nguo ndiyo kabisa, usinifanye nianze habari ya viatu vya mguu mmoja mmoja alivyoleta kikundi kingine, nitamaliza bando.

Usajili: sheria ni ile ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 2002 na marekebisho yake, msajili yuko chini ya wizara ya maendeleo ya jamii, anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya yenu. Hapo hatukuumia, kwa hiyo sina la kukufundisha. Ya benki na wafadhili wa nje nawaachia wengine wajibu, saa hizi sina nguvu.

Huyo jamaa yenu wa Kigoma mwambieni awatumie picha ya kibali leo. Msiridhike na kuona mhuri, usomeni. Na kama mmeshampa dereva advansi, mpigieni asubuhi kabla hajapakia mafuta. Wa kwetu angekubali kurudisha nusu, tatizo hatukumwomba.