Re: Usimamizi wa ubora unasaidia kweli au ni makaratasi tu?

Mkuu, umeuliza kama usimamizi wa ubora una faida yoyote halisi, maana kazini kwenu wanataka cheti cha ISO 9001, kile kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora. Faida ipo, ila si kila mahali.

Chukua mfano wa orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yaani mambo ya usalama ambayo timu inahakiki kabla na baada ya kumpasua mgonjwa. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ya hapa kwetu Ifakara, Tanzania. Matokeo yalitoka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Hao ni watu waliorudi kwa familia zao! Lakini Ontario, Kanada, ilipoanza kutumika katika hospitali 101, utafiti wa 2014 haukuona tofauti ya maana.

Kwa maoni yangu kinachoamua ni hiki: nesi akisema hesabu ya vifaa haijatimia, daktari bingwa anasimama kumsikiliza, au fomu inajazwa tu ili ionekane imejazwa? Basi kabla hamjalipia cheti, angalia mfanyakazi wa chini akitaja kasoro anajibiwaje. Akifokewa, pesa hiyo itafutieni matumizi mengine.